Kreatinini yangu ilikuwa nzuri, figo ilikuwa inavuja

Duniani kote, kisukari ndicho kinachoongoza kwa kuleta figo kushindwa kazi, na presha inafuata. Mimi ninavyo vyote viwili. Nilichelewa kujua kwamba kreatinini nzuri (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, ambayo figo huitoa) haimaanishi figo ni nzima: kila figo ina vichujio karibu milioni 1, na nusu ya uwezo huweza kupotea kreatinini ikiwa bado iko kawaida. Dalili ya mapema ni albumini, yaani protini ya damu, kwenye mkojo.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio hutanuka, wakati ule wa kutolea unabaki mwembamba. Msukumo ndani ya kichujio unapanda, ukuta wake unaharibika, protini inapenya, na makovu yanaanza. Presha huyaharakisha.

Ndiyo maana naomba kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, angalau mara 1 kwa mwaka. Napeleka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Sipimi nikiwa na homa au maambukizi ya njia ya mkojo, wala kesho yake baada ya mazoezi mazito, maana hayo hupandisha albumini kwa muda. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida. 30 hadi 300, kichujio kinavuja. Zaidi ya 300 ni hatari kubwa. Jibu moja halitoshi, kipimo hurudiwa ndani ya miezi 3. Kijiti cha kawaida cha kuchovya kwenye mkojo msikitegemee, uvujaji mdogo hukipita.

Presha napima nimekaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, mara 2. Lengo nililopewa ni chini ya 130/80. Chumvi ya siku nzima haizidi kijiko 1 cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye vyakula vya viwandani.

Natumia losartani, dawa ya presha. Dawa hii hulegeza mshipa wa kutolea, msukumo ndani ya kichujio unashuka. Mwanzoni kreatinini hupanda kidogo, na hapo wengi hutupa dawa kwa hofu. Daktari hurudia kreatinini na potasiamu baada ya wiki 2 hadi 4. Ongezeko la kreatinini lisilozidi asilimia 30 kwa kawaida huvumilika.

Ninachokiogopa kweli ni dawa za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki hubana mshipa wa kuingizia, losartani imelegeza wa kutolea, na ukiongeza kuharisha, damu inayofika kwenye figo ni kidogo: kichujio kinakosa msukumo, figo inaweza kuzima ndani ya siku chache. Kwa maumivu natumia parasetamoli kwa kipimo chake. Nikitapika au kuharisha sana, nasimamisha losartani kama tulivyokubaliana na daktari, na kuirudia saa 24 hadi 48 baada ya kuanza kula na kunywa vizuri.