Picha za sura kwa flashi, sebuleni tu

Jamani chumba kidogo kisiwakatishe tamaa, leo nimempiga dada mmoja picha ya CV hapahapa sebuleni, makochi tumesukumia pembeni na imetoka safi mno. Shida ya vyumba vyetu wala sio udogo, ni kuta nyeupe na dari iko chini, mwanga unagonga huku unarudi kule uso unabaki flati hauna kivuli. Dawa ni kitu cheusi, nikatundika baibui la mama upande usio na flashi, karibu na shavu, hapo hapo mstari wa taya ukajitokeza!

Halafu softiboksi, lile boksi la kitambaa linalovalishwa flashi, sogeza karibu msiogope, mi naweka kama nusu mita toka usoni, juu ya macho kidogo, ndo mwanga unakuwa laini na ukuta wa nyuma unaingia giza wenyewe, maana ukiwa mita 2 toka kwenye flashi unapata kama 1/16 tu ya mwanga wa usoni. Kamera naiseti ISO 100 (inavyohisi mwanga), shata sekunde 1/160, tundu la lenzi f/5.6, mwanga wa taa ya chumba hauonekani kabisa kwenye picha. Mwenye miwani pandisha flashi juu zaidi mpaka ule mng'ao kwenye vioo upotee.

Alivyojiona kwenye skrini akanyamaza, kisha akasema hebu piga nyingine mbili