Usukani wa elfu themanini na tano kwenye CBR 250

Tangu nibadilishe usukani, kila nikiegesha pale Picha ya Ndege, Kibaha, lazima bodaboda mmoja ainame auangalie kisha aulize: mwalimu, umeupata wapi, bei gani, na hauchomoki? Walimu wenzangu nao wanauliza, ila wao wanaanzia kwenye bei. Kwa hiyo naandika mara moja, tumalizane.

Pikipiki ni Honda CBR250R ya 2011, ile ya silinda moja iliyotengenezwa Thailand. Niliinunua kwa kijana aliyekuwa ameiangusha upande wa kushoto. Kava la plastiki la ubavuni lilikuwa limepigwa rangi vizuri hata ukitafuta kovu hulioni, lakini usukani aliuacha vilevile. Ukiwa umesimama pembeni huoni kitu. Ukikaa ndipo unajua: mkono wa kushoto unakuja karibu na tangi kuliko wa kulia, kiuno kinajipinda ili kufidia, na ukifika Ubungo kutoka Kibaha bega linawaka moto.

Kwa waliozoea Boxer na wenzake: usukani wa kule ni bomba moja refu lililofungwa katikati. Kwenye pikipiki za mbio ni vipande viwili visivyojuana. Kila kipande kina kola inayobana bomba la shokapu ya mbele upande wake, na kutoka kwenye kola ndipo linatokea bomba fupi unaloshika. Uzuri wake ni kwamba ukiharibika upande mmoja unaweza kubadilisha huo tu. Ubaya ni kwamba kila kitu kinategemea ile kola.

Fundi wangu aliuangalia akasema, "Mwalimu, huu tunanyoosha, dakika kumi tu," na tayari alikuwa ameshika bomba la kuchomekea. Ni fundi mzuri. Injini yangu simpi mtu mwingine. Ila hapo nilimkatalia. Alumini iliyokwisha kupinda ukiirudisha ni sawa na waya unaoupinda huku na huku hadi ukatike mkononi: haukuambii ni mara ya ngapi utakatika. Na usukani haukatiki umeegesha. Unakatika wakati unaulemea, yaani umefunga breki, uzito wote umekuja mbele, na nyuma yako kuna lori la kokoto.

Niliuliza bei ya kipande halisi cha Honda. Nikaambiwa laki nne na kitu kwa upande mmoja, tena kwa kuagiza na kusubiri. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Nikapanda basi kwenda Kariakoo, nikashuka hadi Gerezani.

Nilichobeba kwenye mkoba ndicho kilichoniokoa: vernia kalipa ya maabara, ileile Kidato cha Kwanza wanayopimia kipenyo cha goroli. Nyumbani nilikuwa nimeshapima bomba la shokapu pale juu, milimita 37. Dukani kijana akaniletea boksi lisilo na jina la kampuni, limeandikwa CNC (yaani kuchongwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta) kwa herufi kubwa, ndani kuna jozi ya dhahabu inayong'aa. "Dada, hizi zinaingia pikipiki zote." Nikatoa vernia. Kola ilikuwa ya 41. Hakutetereka hata kidogo. Akaniambia fundi atakata kopo la soda, aweke kibati katikati, itabana.

Itabana, ndiyo, na itakaa hata wiki kadhaa. Kola inafanya kazi kwa msuguano, na msuguano unataka uso mzima wa ndani ukumbatie bomba. Kola kubwa kuliko bomba inagusa sehemu mbili tatu tu, hapo penye kugusa ndipo nguvu yote inakaa, na kibati cha kopo ni laini, kinajikunja taratibu kila unapopita kwenye tuta. Siku moja unavuta usukani, unazunguka na mkono. Bidhaa hizi zinatengenezwa kwa saizi nyingi, 33, 35, 37, 41, 43 na kuendelea, kwa sababu shokapu zina saizi nyingi. Anayekuambia inaingia zote anakuambia hajapima.

Duka la pili walikuwa na za 37, nyeusi, za aina inayoinuka kama sentimita mbili juu ya kola. Hizo ndizo nilizozitaka. Mimi si mrefu, na mikono yangu ni mifupi. Zile za kulala chini kama za watu wa mbio zinapendeza kwenye picha, lakini kwenye foleni ya Mbezi zinakufanya ubebe kifua chako chote kwa viganja. Elfu themanini na tano baada ya kubishana. Nilipima kola zote mbili, si moja. Bomba la kushikia sikulipima. Hilo linatakiwa kuwa milimita 22, maana swichi, liva na mpira wa kushikia vyote vimetengenezwa kwa kipimo hicho.

Bolti zilizokuja nazo nilizitoa palepale. Zilikuwa zinang'aa kama bangili na kichwani hazina namba yoyote. Bolti nzuri ya chuma imechongwa 8.8 au 12.9 kichwani, na hiyo namba ndiyo inayokwambia uimara wake. Bolti za 12.9 za kichwa cha alenki (chenye tundu la pembe sita) zinapatikana hukohuko Gerezani kwa bei ya chapati chache. Kuokoa hela kwenye bomba la alumini nakubali. Kwenye bolti, hapana.

Kazi yenyewe tuliifanya Jumamosi, mimi na fundi, chini ya mwembe wake. Cha kwanza tulifunika tangi na kava kwa tambara lenye maji. Mafuta ya breki yanakula rangi, na tone moja ukilisahau unalikuta baadaye limeshakuwa kidonda. Pampu ya breki ya mbele inashikwa na kishikio chenye bolti mbili. Tuliilegeza, tukaitundika kwa kamba kwenye kioo, kopo lake likiwa wima. Hatukufungua mpira wa breki wala kutoa upepo. Ukiiacha pampu ilale au ining'inie kichwa chini unakaribisha hewa, na hapo kazi ya saa mbili inakuwa ya siku nzima.

Mpira wa kushikia wa kushoto ulikuwa umegandishwa kwa gundi. Fundi alitoa kisu. Nikamwambia asubiri, nikaenda kwa jirani wa pancha mwenye kompresa. Unachomeka ncha ya upepo kati ya mpira na bomba, mpira unavimba, unauvuta kama soksi. Wa kulia hauhitaji kutolewa, unatoka pamoja na kibomba cha aksileta.

Kola za zamani tulizilegeza zikatoka kwa juu. Mpya zikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bila nyundo, na ndivyo inavyotakiwa. Hapa pana kipimo ambacho ningependa kila mtu akijue. Kola ina mwanya upande mmoja, pale bolti inapovuta. Ukishakaza, mwanya lazima ubaki unaonekana. Mwanya ukifunga kabisa, midomo miwili ikagusana, basi nguvu ya bolti inaishia kwenye midomo, si kwenye shokapu, na kola hiyo haijabana chochote hata ukikaza hadi jioni. Zangu zilibaki na mwanya wa kama milimita moja na nusu.

Kuhusu kukaza, mimi na fundi tuligombana kidogo. Yeye anakaza kwa kuongeza bomba kwenye alenki. Bolti ya M6, yaani ya unene wa milimita 6, inayoingia kwenye alumini inataka kama Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Alenki ya sentimita 10 unaivuta kwa nguvu inayotosha kuinua kilo 10, basi. Ukiongeza bomba ikawa sentimita 30, kwa mvuto uleule umeshafika Nm 30, na nyuzi za alumini zinatoka zimejikunja kwenye bolti kama nywele. Alinisikiliza kwa uso wa mtu anayesikiliza kipindi cha mwisho Ijumaa. Lakini aliweka bomba chini.

Usukani wa namna hii unazunguka kwenye shokapu utakavyo, kwa hiyo pembe unaiweka mwenyewe. Tulitumia uzi: kutoka katikati ya nati kubwa ya kati hadi ncha ya kila upande, urefu uwe sawa. Jicho peke yake linadanganya, hasa pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni.

Kisha swichi. Kwenye kila boksi la swichi kuna kipini kidogo ndani kinachoingia kwenye tundu la bomba, kazi yake ni kuzuia boksi lisizunguke. Bomba jipya halina tundu. Fundi alitaka kukisaga kipini kwa tupa, na mafundi wengi ndivyo wanavyofanya. Kwa upande wa indiketa labda utavumilia. Kwa upande wa aksileta sikubali, kwa sababu boksi likizunguka linavuta waya, na waya ukivutwa pikipiki inaongeza mwendo bila wewe. Tulipaka rangi ya kucha kwenye kipini (rangi yangu, ndiyo), tukabana boksi mahali pake, tukafungua, tukatoboa palipoachwa alama. Ukuta mmoja tu, si kupitiliza ng'ambo, na mbali na kola iwezekanavyo, kwani karibu na kola ndipo bomba linapobeba mzigo mkubwa kuliko kote.

Hapo ndipo urahisi wa bei ulipojionyesha. Kibomba cha aksileta kiliingia lakini nikikizungusha na kukiachia kinarudi kwa uvivu. Vernia ikasema milimita 22.4, na rangi nyeusi juu yake ilikuwa na vipele. Aksileta lazima irudi yenyewe, mara moja, kwa kishindo, usukani ukiwa umekata kushoto, kulia na katikati. Nilipiga msasa wa namba 400 wenye maji hadi ikateleza. Grisi sikuweka. Vumbi la Kibaha na grisi vikikutana vinazaa msasa mwingine.

Baada ya kufunga kila kitu tulifanya majaribio kabla ya kuwasha. Kata usukani hadi mwisho pande zote: kidole gumba kisibanwe kwenye tangi, liva isiguse kava. Cha kwangu cha kulia kilibanwa, tukafungua pembe kidogo pande zote mbili na kupima uzi upya. Inua gurudumu la mbele ili shokapu zinyooke zote, kata tena, angalia mpira wa breki: usukani umepanda, kwa hiyo mpira una safari ndefu zaidi kuliko zamani. Wangu unafika, una ulegevu wa kidole kimoja. Ungekuwa umekazika ningenunua mrefu zaidi au ningeshusha usukani, hakuna njia ya tatu. Uchezaji wa aksileta uwe milimita 2 hadi 6 pale kwenye ukingo wa mpira, wa liva ya klachi milimita 10 hadi 20 pale nchani. Halafu washa, iache kwenye sailensa bila kuvuta aksileta, kata usukani kushoto na kulia taratibu. Mlio ukibadilika, kuna waya umebanwa au umepitishwa vibaya. Usitoke getini.

Fundi hakuwa na subira na hili la mwisho hadi mlio ulipopanda kweli. Waya mmoja wa aksileta ulikuwa umepita nje ya kishikio chake. Tangu hapo naona na Boxer za wateja anazijaribu hivyohivyo.

Barabarani tofauti ni kubwa. Bega limenyamaza, na kwenye matuta ya Maili Moja naweza kusimama kidogo kwenye vikanyagio bila kuvuta usukani kama kamba ya kisima. Kasoro ni mtetemo. Usukani halisi una vizito mwishoni vya kumeza mtetemo wa injini, na hivyo havikuingia kwenye bomba jipya. Hili ni tupu, jepesi, na lilikuja na vifuniko vya plastiki. Chini ya 80 huhisi kitu. Ukikaribia 100 kwenye gia ya sita, vidole vya kulia vinaanza kufa ganzi kabla ya Mlandizi. Nilimwendea fundi wa leith, mashine ya kuchonga vyuma, palepale Gerezani akanichongea vipande viwili vya chuma cha duara vya kuchomeka ndani, kila kimoja na bolti na mpira unaotanuka ukikazwa. Elfu kumi na tano vyote. Mtetemo umepungua, haujaisha.

Jumla, basi, kwa wanaoanzia kwenye bei: usukani 85,000, bolti 6,000, vizito 15,000, fundi 20,000, na mpira mpya wa kushikia 8,000 kwa sababu wa zamani ulikuwa umekwisha. Bolti za kola niliziangalia tena baada ya safari ya Chalinze, moja ya kushoto ilikubali robo ya mzunguko, na tangu hapo nimeziwekea alama ya ileile rangi ya kucha ili zikisogea nione.