Isimila: nilivyoenda kulisoma jiwe

Nimetoka Mbeya alfajiri, stendi watu washajaa na giza bado halijaisha, nikamwambia konda mapema kabisa mi sifiki Iringa mjini, nishushe Isimila, kwenye lile korongo lenye zana za mawe za watu wa kale, akasema sawa kaka ila ukipitiwa na usingizi shauri yako. Sikulala. Chimala, Igawa, Makambako tukanywa chai na ile baridi yake inayoingia mpaka kwenye mifupa, Mafinga na misonobari ya Sao Hill, afu kama kilomita 20 hivi kabla ya Iringa nikashuka, bodaboda ikaniingiza ndani.

Kilichonipeleka huko ni Peirce. Charles Sanders Peirce, mwanafalsafa Mmarekani, kazaliwa 1839 kafariki 1914, nilimsoma chuoni na mpaka leo hajanitoka kichwani. Aligawa ishara kwa kuangalia zinavyoungana na kile zinachokionyesha. Kuna aikoni, inafanana na kitu chenyewe, kama picha au ramani. Kuna indeksi, hii kitu chenyewe kimeigusa au kimeisababisha kweli, moshi na moto, unyayo na mguu. Na kuna simboli, hayo ni makubaliano tu, neno ng'ombe halina pembe wala mkia ila tunaelewana. Sasa chuoni mifano yote ilikuwa ya maneno na mapicha, na mi nikawa najiuliza miaka yote hiyo, je mtu ambaye hatuna neno lake hata moja, kaacha jiwe tu, huyo tunamsomaje?

Isimila ndo mahali pa kuuliza hivyo. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyekuwa safarini kwenda Afrika Kusini aliyaona mawe haya kwenye korongo, halafu 1957 na 1958 akaja Clark Howell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago wakachimba. Kipimo cha umri kwa urani kilitoa kama miaka 260,000. Ukishuka korongoni unayaona yamelala chini kabisa, mengi, shoka za mkono zilizochongoka na zile zenye makali mapana kwa mbele, mengine makubwa mpaka unashangaa mkono gani uliyabeba.

Kaka aliyekuwa ananitembeza akaniambia, "Hili mwalimu ndo shoka." Nikamuuliza, nani alisema ni shoka? Akacheka, akafikiri kidogo, akasema "Nyie wasomi." Na kweli bana. Jiwe linafanana na shoka, hiyo ni aikoni, afu juu yake tukabandika jina, simboli yetu sisi, na kuanzia hapo hatulioni tena jiwe, tunaliona jina.

Akainama akaokota kibanzi, hakifiki hata kiganja, kile ambacho mgeni anakiruka, akanipa nikiangalie. Nikakigeuza kwenye jua. Kwa juu kuna pale kilipogongwa, chini yake kidogo kinundu laini unakisikia kwa dole gumba, na kutoka hapo mawimbi yanasambaa kwenye jiwe kama ukitupa kokoto bwawani. Hiyo ni indeksi tupu, nguvu ya pigo imepita humo na imeacha njia yake, haihitaji mimi nikubaliane na mtu. Na ukirudi kwenye lile kubwa, kila kovu ni kibanzi kilichotoka, na kovu linalokata lingine ndo limekuja baadaye, kama nyayo juu ya nyayo kwenye tope, kwa hiyo unaweza kuhesabu pigo hili, kisha hili, hapa kageuza jiwe, hapa kapiga tena. Nilikaa na jiwe moja karibu nusu saa, yule kaka wala hakunihimiza.

Mwanaakiolojia Iain Davidson na mwanasaikolojia William Noble waliwahi kuonya kwamba umbo tunalolisifia linaweza kuwa ni masalia tu, fundi alikuwa anataka vibanzi vyenye makali na jiwe likabaki hivyo. Mi siamini kwamba yote ni masalia, yapo pale ambayo pande mbili zimelinganishwa kwa mapigo madogo madogo ya uangalifu sana, lakini wako sahihi kwamba unaanza na makovu kwanza, jina baadaye, maana Peirce mwenyewe anasema ishara ni ishara pale inapopata wa kuisoma, na sisi tunasoma kwa haraka mno.

Kibanzi nikakirudisha palepale kilipokuwa, upande uleule juu.

Jioni nikiwa barabarani nasubiri gari la kurudi nikampigia bibi Tukuyu, nikamuuliza lile jiwe la kusagia ulezi lipo? Maana nakumbuka lilikuwa na shimo katikati, limechimbika kwa mikono yake na ya mama yake. Akasema, "Lipo mjukuu wangu, nimeliweka pale mlangoni, kuku wanalinywea maji."