Mashine pepe ikikataa kuwaka, okoa faili kwanza

Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, inapokataa kuwaka, wengi hukimbilia kuirekebisha ili iwake, na hapo ndipo faili ambazo zingepatikana bila taabu huanza kuingia hatarini. Nimeombwa msaada na watu waliokwisha kujaribu ukarabati wa kila namna, ilhali nyaraka walizokuwa wakizihangaikia zilikuwa zimetulia ndani ya diski tangu mwanzo. Kuwaka hutegemea sehemu ndogo tu ya mfumo, na mstari mmoja uliokosewa katika /etc/fstab, faili inayoorodhesha diski za kufunguliwa wakati wa kuwaka, unatosha kuizuia Linux isifike mahali pa kuingizia nenosiri. Kazi za mtumiaji zimekaa kwingine kwenye diski hiyo hiyo, na mara nyingi hitilafu hiyo haijazigusa.

Diski ya mashine pepe ni faili ndani ya kompyuta mwenyeji: VDI kwa VirtualBox, VMDK kwa VMware, VHDX kwa Hyper-V, qcow2 kwa QEMU. Kwanza hakikisha kwamba diski ya mwenyeji haijajaa, maana hilo peke yake huweza kuisimamisha mashine. Kisha izime kabisa, na unakili folda yake nzima kwenye diski nyingine kabla ya kugusa chochote.

Nasisitiza folda nzima kwa sababu ya snapshoti, yaani hali ya mashine iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia. Ukishapiga snapshoti, kwa kawaida diski ya awali haiandikwi tena; mabadiliko yote huenda kwenye faili mpya inayoitegemea ile ya kwanza. Katika VMware utaona jina linaloishia na 000001.vmdk, na ukifungua faili yake ndogo ya maelezo kwa kihariri cha maandishi, utakuta mstari wa parentFileNameHint unaotaja diski mzazi, pamoja na parentCID, namba ambayo lazima ilingane na CID ya mzazi huyo. Anayeipachika diski mzazi peke yake, yaani kuifungua ili faili zake zisomeke, huona faili za zamani tu na kudhani kazi mpya imepotea; akiandika juu yake, mnyororo mzima huharibika. Ndiyo maana napendelea kuunganisha mnyororo kuwa diski moja mpya kwa kuanzia faili ya mwisho: qemu-img convert hufanya hivyo kwa qcow2, na VBoxManage clonemedium kwa VDI, huku faili za asili zikibaki kama zilivyo.

Diski hiyo mpya iambatishe kwenye mashine pepe nyingine inayowaka vizuri, iwe diski ya pili, na uipachike kwa kusoma tu. Kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, ongeza chaguo la noload, kwa kuwa hata ikipachikwa kwa kusoma tu, kerneli, kiini cha Linux, huweza kuandika kwenye diski inapokamilisha jonali, yaani kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajamalizika. Kama sehemu zake ziko chini ya LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski, huenda zisionekane mpaka uziamshe kwa vgchange -ay, na ikiwa mashine hizo mbili zilitokana na kiolezo kimoja, majina ya vikundi vya LVM yatagongana, hivyo tumia mashine isiyotokana na kiolezo hicho. Asiyetaka mashine ya pili anaweza kutumia guestmount, zana ya Linux ya kupachika diski pepe moja kwa moja, pamoja na --ro. Kwenye Windows, 7-Zip hufungua aina nyingi za diski hizi na kukuachia uchomoe folda unayoitaka.

Diski iliyofungwa kwa LUKS, usimbaji fiche wa Linux, itahitaji nenosiri lake, na ya BitLocker ya Windows, ikihamishiwa mashine nyingine, kwa kawaida itadai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Bila hivyo hakuna njia ya mkato.

Hifadhidata ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Kwa MySQL, usichague jedwali moja moja. Nakili /var/lib/mysql yote, iwashe chini ya toleo lile lile la MySQL, kisha toa data kwa mysqldump na uisome kabla ya kurudi kushughulikia ile mashine isiyowaka.