Shangazi Hayupo Göteborg

Juzi binti yangu wa miaka 15 aliniuliza, "Mama, mbona hujawahi kuniambia unanipenda?" Nilikuwa napakua wali. Nikamjibu, "Kaa ule kwanza, chakula kinapoa." Akaingia chumbani akafunga mlango kwa ufunguo.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Kwetu Tanga mama hakuniambia neno hilo hata siku moja, na sikuwahi kulitilia shaka pendo lake. Ila mama hakunilea peke yake. Nilipovunja ungo hakuniita kunieleza lolote. Alimpa habari shangazi, shangazi akanikabidhi kwa somo, kungwi wa kunifunda. Mama akinigombeza, nakimbilia kwa bibi, nalala kwenye mkeka wake mpaka hasira zimwishe. Aliweza kuwa mkali kwa sababu paja la kulilia lilikuwa nyumba ya pili.

Huku Göteborg, mjini Sweden, paja ni langu peke yangu.

Wageni wenzangu hapa Sweden huzungumzia zaidi sheria ya 1979 inayomkataza mzazi kumpiga mtoto. Mimi fimbo siililii. Ninachokililia ni yule mtu wa kumsikiliza mtoto mama akishafoka. Kwenye mafunzo ya wazazi tulitajiwa Mary Ainsworth, mmoja wa waasisi wa elimu ya namna mtoto anavyoshikamana na mama yake. Kumbe miaka ya 1950 alianza kwa kutembelea nyumba za vijijini karibu na Kampala, na huko akaona watoto wachanga wanashikamana na watu wengine wa nyumbani pia, si mama tu. Nilitamani mwalimu atue hapo, tuzungumze. Akapita.

Jumapili nikamsuka binti yangu. Alikaa chini katikati ya magoti yangu, kichwa kimeegemea paja, mafuta ya nazi yamenijaa viganjani. Kwa kuwa hatutazamani, maneno yakaanza kumtoka: rafiki yake wa shuleni ameacha kumsemesha, siku hizi chakula cha mchana anakula peke yake. Tangu lini? Wiki tatu. Wiki tatu, nami kila jioni namuuliza kazi za shule! Mawaidha yalinifika kooni, nikayameza. Nikasema tu, "Ehe, ikawaje?" kama shangazi alivyokuwa akiniuliza.

Tulipobakiza mistari miwili akasema, "Mama, usimalize haraka."

Nikaufumua mmoja, nikauanza upya.