Glock 19 au CZ 75 Compact?

Leseni ilipotoka, swali likawa: nibebe bastola gani kati ya hizi mbili? Cheti huandikwa kwa silaha moja na nambari yake, kwa hivyo si kama simu ya kubadilisha ukichoka.

Zote mbili zinatumia risasi za milimita 9. CZ inatoka Cheki, na hapa Nairobi jina lake la Ceska limezoeleka hata kwa watu wasiowahi kuishika bastola. Ni chuma kitupu, karibu gramu 920 bila risasi, na ukifyatua inatulia mkononi. Shabaha yangu ilikuwa safi nayo, sitaficha. Lakini risasi ya kwanza, nyundo ikiwa chini, kifyatulio ni kirefu na kizito. Ya pili ni nyepesi kabisa. Itabidi kidole kijue mambo mawili tofauti.

Glock 19 ina kiunzi cha plastiki ngumu, takriban gramu 670 magazini ikiwa tupu, na magazini hiyo hubeba risasi 15. Kifyatulio ni kilekile kila mara. Haina swichi ya usalama ya kidole gumba, na hapo ndipo mke wangu alipokunja uso.

Basi nikaziweka kiunoni kwa zamu, chini ya shati, zikiwa tupu. Kuketi kwenye gari foleni ya Mombasa Road, kuinama kufunga viatu. Ile ya chuma ilivuta mshipi mpaka nyonga ikalalamika.

Nimechukua Glock. Pesa iliyobaki imeenda kwa ala, yaani mfuko wa bastola wa kiunoni, ngumu inayofunika kifyatulio chote, maana zile laini za kitambaa siziamini hata kidogo. Mama watoto ameikagua mwenyewe.