Sensa ya oksijeni ya wigo mpana kwenye gari la tabo

Kabla sijaruhusu fundi aongeze presha ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) kwenye Subaru Forester yangu, nilitaka kujua kama injini inapata petroli ya kutosha inapokanyagwa hadi mwisho. Sikio zuri husikia injini ikigonga, yaani mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda, lakini kufikia hapo pistoni zimekwisha kuanza kuumia, na rangi ya plagi, inayodokeza kama petroli ilitosha, huonekana baada ya safari. Nikafunga sensa ya oksijeni ya wigo mpana, inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, pamoja na geji yake, na kwa maoni yangu kifaa hiki kinapaswa kutangulia nyongeza yoyote ya nguvu.

Petroli huungua kikamilifu kwa takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta. Sensa ya kawaida, ambayo Bosch iliileta sokoni mwaka 1976 kupitia magari ya Volvo, huonyesha tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya kiwango hicho. Injini ya tabo inayovuta kwa nguvu zote huhitaji kati ya 11 na 12, kwa kuwa petroli ya ziada hupunguza joto la mwako, na huko sensa ya kawaida haina la kusema. Ile ya wigo mpana ina pampu ndogo ya oksijeni ndani yake. Kidhibiti chake hupima mkondo wa umeme unaoiendesha pampu hiyo, kisha hutoa tarakimu halisi ya uwiano wa hewa kwa mafuta.

Kazi inayostahili subira kuliko zote ni tundu la ekzosi. Nati ya kuchomelea huwa na uzi wa milimita 18, na mahali pake ni baada ya tabo, kabla ya masega (kichujio cha kusafisha moshi), kiasi cha sentimita 60 hadi 90 kutoka kwenye tabo, kwa sababu kabla ya tabo joto na presha huiharibu sensa na kupotosha usomaji. Sensa isilale kabisa, wala isitazame juu kutoka chini ya bomba: iinuke angalau nyuzi 10 juu ya usawa ili maji yasituame ndani yake. Asubuhi za Juni na Julai hapa Tabora ekzosi hudondosha maji gari linapowashwa, na tone moja likigusa kauri iliyopashwa joto la zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi linaweza kuipasua. Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea, ili kompyuta ya gari isidhurike. Kisha ukaguzi wa uvujaji ufanywe bila haraka, maana ufa mdogo kabla ya sensa huingiza hewa ya nje, geji ikaonyesha petroli imepungua, na mwenye gari akaongeza mafuta yasiyohitajika. Silikoni ya kuzibia gasketi nayo isitumike hovyo, kwani mvuke wake huiua sensa.

Umeme hauna mengi: waya wa volti 12 unaopata umeme swichi ya gari inapowashwa, fyuzi yake, na athi (muunganisho na bodi ya gari) safi isiyo na rangi wala kutu. Sensa isiachwe ndani ya ekzosi bila umeme injini ikiwa inafanya kazi, kwa sababu isipopashwa joto hujaa masizi.

Majaribio nilifanya barabara ya Urambo, kwenye kipande kitupu, abiria akisoma geji ili macho yangu yabaki barabarani. Kwenye mwendo wa kawaida tarakimu huzunguka 14.7; presha ikipanda inapaswa kushuka haraka kufikia 11 na kitu. Ukiachia pedali hupanda hadi mwisho, na hilo si hitilafu, kwani nozeli za kunyunyizia mafuta zimefungwa. Ikivuka 12.5 presha ikiwa juu, mguu uondoke mara moja.

Jambo moja ambalo geji haikuambii ni ubora wa petroli. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inaweza kuonyesha tarakimu nzuri huku injini ikigonga, kwa hiyo anayejaza mafuta ya kwenye chupa vijijini asiitegemee peke yake. Na kama tarakimu ni nzuri mzunguko ukiwa wa chini, lakini inapanda kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, aanze kupima presha ya pampu ya mafuta na kubadilisha chujio kabla ya kuilaumu sensa.